Kitabu Hakirudishi Ngumi

Mwishoni mwa miaka ya 1870, jijini Tokyo, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyeitwa Kano Jigoro alikwama mbele ya mtu asiyeweza kumwangusha. Kano alikuwa mfupi, kimo chake hata baadaye hakikupita sana sentimita 157. Mwenzake, Fukushima Kanekichi, alikuwa pande la mtu. Wote wawili walikuwa wakijifunza jujutsu kwa mwalimu Fukuda Hachinosuke, na kila walipokamatana Kano ndiye aliyekwenda chini. Akajaribu mbinu za sumo, hazikumfaa. Ndipo akaenda maktaba kutafuta vitabu vya mieleka ya Wazungu, na humo akakuta mbinu ya kuinama, kuingia chini ya mpinzani, kumbeba mabegani na kumtupa upande wa pili. Akaifanyia mazoezi na wenzake mpaka ikamkaa mwilini. Kisha akarudi kwa Fukushima, akamwinua na kumtupa. Mbinu hiyo leo inaitwa kata-guruma, nayo ni mojawapo ya mbinu za judo, sanaa ambayo Kano aliiasisi mwaka 1882 alipofungua shule yake, Kodokan, akiwa na umri wa miaka 21.

Kisa hiki hupendwa na watu wanaotaka kuthibitisha kwamba kitabu kinatosha. Mimi nakisoma kinyume. Tazama alivyokuwa navyo Kano kabla hajafungua ukurasa: mwalimu aliyemfundisha kuanguka bila kuumia, ukumbi wenye mikeka, wenzake waliokubali kubebwa na kutupwa, na Fukushima mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa mtihani. Kitabu kilimpa kitu kimoja alichokikosa. Mengine yote alikwisha kuyapata kwa watu.

Swali la kujifunza karate, kung fu au judo peke yako kwa kitabu naliheshimu, wala si swali la mvivu. Anayeliuliza mara nyingi yuko wilayani ambako hakuna dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, au ada ya mwezi haimudu, au ni binti ambaye kwao hawataki kusikia habari ya kwenda jioni kukamatana na wavulana. Kumwambia tu “tafuta mwalimu” ni kumfungia mlango usoni. Anastahili jibu la kweli, na jibu hilo liko kwa watu waliowahi kujifunza kwa njia hiyo. Wapo, na tunajua walikofika na walikokwama.

Kwa Waafrika Mashariki wengi jina linalokuja kwanza ni Bruce Lee. Filamu zake zilijaza majumba ya sinema ya miji yetu miaka ya 1970, na nyuma ya filamu vikaja vitabu, vikapita mkono kwa mkono, vingine vikiwa fotokopi za fotokopi ambazo sura za watu zimegeuka madoa meusi. Kilichosifika kuliko vyote ni Tao of Jeet Kune Do. Vijana walikisoma kama kitabu cha shule, ukurasa kwa ukurasa, wakiamini kwamba mwenye kukimaliza atakuwa amemaliza masomo ya Lee.

Lakini kitabu hicho hakikuandikwa hivyo. Mwaka 1970 Lee aliumia mgongo akifanya mazoezi ya vyuma, akaamriwa kulala. Katika miezi ile alijaza madaftari kwa maelezo na michoro yake. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, na kitabu kikatoka mwaka 1975 baada ya mjane wake Linda na mhariri Gilbert Johnson kuyapanga yale madaftari. Mengi yaliyomo Lee alikuwa ameyachota kwenye vitabu vya watu wengine: kitabu cha ndondi cha Edwin Haislet cha mwaka 1940, cha bingwa Jack Dempsey cha mwaka 1950, cha mchezaji vitara wa Italia Aldo Nadi cha mwaka 1943. Yaani Lee naye alikuwa mwanafunzi wa vitabu, tena wa kutupwa. Hakukaa darasani kwa Dempsey wala kwa Nadi. Aliwasoma.

Alipowasoma, hata hivyo, alikuwa na mwili uliokwisha fundishwa. Alianza Wing Chun, mtindo mmoja wa kung fu, kwa mwalimu Yip Man huko Hong Kong tangu ujana wake, na baada ya kuhamia Marekani mwaka 1959 alizungukwa na wanafunzi na marafiki, kwanza Seattle, kisha Oakland na Los Angeles, ambao kila siku waliweza kuvaa glavu wakampiga kweli. Alichoandika kwenye daftari ni kumbukumbu za mtu anayejisemea mwenyewe. Msomaji wa Temeke au Kisauni anapokutana na sentensi ileile hana kile ambacho sentensi inamkumbusha mwandishi.

Chukua mfano mmoja kutoka kwa Dempsey. Anafundisha kwamba nguvu ya ngumi ya mkono wa mbele haitoki mkononi, inatoka kwenye uzito wa mwili unaoanguka. Unanyanyua mguu wa mbele kidogo bila kuruka, mwili unaanza kwenda wenyewe, na ngumi inapaswa kufika wakati uzito bado unakwenda, kabla mguu haujaupokea wote. Maelezo yake ni mazuri, na picha zinasaidia. Simama sasa hivi chumbani ujaribu hewani, utaona unaiweza. Jaribu kwenye mfuko mzito, utashangaa kifundo cha mkono kinavyopinda, kwa sababu hewa haikukuambia kwamba ngumi yako imeinama. Halafu jaribu kwa mtu aliyevaa glavu ambaye, akiona bega lako linacheza, anarudi nyuma nusu hatua tu. Mguu umeshatua, ngumi imeishia hewani, wewe uko mbele mno na uso wako uko wazi. Mambo matatu hayo, ngumi ya hewani, ya mfuko na ya mtu, kitabuni ni picha moja.

Walioingia ndani kabisa ya jambo hili ni watu ambao hawakuwa na hiari. Ulaya ilikuwa na sanaa zake za kupigana kwa upanga, jambia, mkuki na mikono mitupu, zenye waalimu na siri na majina. Nyakati zikabadilika, bunduki zikaenea, panga zikawa nyembamba za kuchomea, na ile minyororo ya mwalimu na mwanafunzi wa upanga wa mikono miwili ikakatika. Hakuna mzee aliyebaki wa kuulizwa. Vilivyobaki ni vitabu. Mtu anayetaka kujua leo jinsi upanga wa mwaka 1400 ulivyotumika hana pengine pa kwenda.

Kimoja cha vitabu hivyo kiliandikwa na Fiore dei Liberi, mwenyeji wa Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia, na nakala yake moja ina tarehe ya mwaka 1409. Alikitunga kwa ajili ya Niccolò III d'Este, mtawala wa Ferrara. Nakala nne zinajulikana: moja iko Los Angeles, moja New York, moja Paris na nyingine ni mali ya watu binafsi. Fiore anafundisha mieleka, jambia, upanga, mkuki, shoka, hata kupigana juu ya farasi. Katika utangulizi anasimulia kwamba alilazimika kupigana mara tano na waalimu aliokataa kuwafundisha ujuzi wake, kwa panga kali, bila deraya, akiwa amevaa koti lililoshonwa kwa tabaka na glavu za ngozi tu, na kwamba alitoka salama. Anasema pia kwamba sanaa hii ni ndefu kiasi kwamba hakuna binadamu mwenye kumbukumbu ya kuibeba hata robo yake bila vitabu.

Neno hilo la kumbukumbu ndilo ufunguo wa kitabu chake. Fiore anavipenda vitabu; anaona mtu asiyekuwa navyo hawezi kuwa mwalimu mzuri wala mwanafunzi mzuri. Lakini anamwandikia mtu aliyekwisha kushikwa mkono na mwalimu, ambaye sasa anahitaji kitu cha kumkumbusha alichofanya na mwili wake. Na yeye mwenyewe, baada ya miaka 40 na zaidi ya kujifunza, akiwa anajua kusoma, kuandika na kuchora, anasema bado hajawa mwalimu kamili.

Fungua kurasa za jambia. Wanaume wawili wawili wamechorwa kwa wino, suruali za kubana, hakuna mandhari nyuma yao. Fiore alibuni alama nzuri sana ya kumwongoza msomaji. Anayejihami kwa mbinu ya msingi amevaa taji. Anayeendeleza mbinu hiyo, mwanafunzi wake, ana utepe wa dhahabu chini ya goti. Anayeipindua mbinu ana vyote viwili, taji na utepe. Asiye na kitu ndiye anayepata tabu. Kwa hiyo hata kabla hujasoma neno unajua nani anamfanyia nani nini, na ukikuta taji na utepe kwa mtu mmoja unajua mambo yamegeuka. Kitabu chake kina umri wa zaidi ya miaka 600, lakini sijaona kitabu cha karate cha kisasa kinachomsaidia msomaji kwa wepesi huo.

Katika mbinu ya kwanza kabisa ya jambia, mshambuliaji anashusha jambia kutoka juu. Mwenye taji anaukamata ule mkono kwa mkono wake wa kushoto, na maelezo ya mistari michache yanasema ataugeuza na kulichukua jambia. Mpe ndugu yako mwiko, mwambie ashushe polepole, ujaribu. Maswali yanaanza papo hapo. Kidole gumba kielekee wapi, juu au chini? Mguu wa kushoto uko mbele au nyuma? Nimdake wakati mkono unapanda, unaposhuka, au ukishasimama? Nimsogelee au nimngoje? Mchoro umesimamisha kila kitu kwenye nukta moja, na yaliyotokea kabla na baada ya nukta hiyo umeachiwa wewe. Sasa mwambie ndugu yako asikusaidie. Ashushe mwiko kama anayekusudia kukupiga, na ukimshika avute. Hapo utagundua kwamba majibu ya nusu ya maswali yako hukuhitaji kuyatafuta kitabuni, ndugu yako anakupa bila kusema neno. Kidole gumba kikikaa vibaya, mkono unachomoka. Ukichelewa, mwiko umeshafika begani.

Upande wa Wajerumani mambo yalikuwa magumu zaidi, na kwa makusudi. Mafundisho yaliyohusishwa na mwalimu Johannes Liechtenauer, wa karne ya 14, yalihifadhiwa kwa mashairi yaliyofumbwa ili asiyestahili asielewe. Waliokuja baada yake wakaandika maelezo marefu ya kuyafumbua, na hayo ndiyo yaliyowezesha watu wa leo kuambulia kitu. Moja ya mafunzo hayo linahusu pigo la hasira, pigo la mshazari kutoka begani. Mpinzani akikupiga kutoka juu, nawe unapiga vilevile kwa nguvu ili panga zikutane. Kinachofuata kinategemea kile unachokisikia kwenye upanga wako wakati huo. Upanga wake ukiwa mlegevu dhidi ya wako, msukumie ncha usoni. Ukiwa mgumu, usishindane nao. Ondoa wako kwa juu umpige upande wa pili.

Nimelirudia fundisho hilo mara nyingi kwa sababu linaonyesha wazi kabisa mpaka wa karatasi. Mwandishi amefanya yote awezayo. Amekwambia upige vipi, nini kitatokea, ufanye nini kwa kila hali. Lakini ule ugumu na ulegevu lazima uusikie kwenye viganja vyako, kwa chuma kinachosukumwa na mtu mwingine, katika muda usiozidi kupepesa jicho. Hakuna zoezi la peke yako linaloweza kukupa hisia hiyo. Mwandishi mmoja wa kale wa mafundisho hayahaya, ambaye mswada wake umehifadhiwa Nuremberg, analikiri jambo hili waziwazi: kupigana hakuwezi kuandikwa na kuelezwa kwa ukamilifu kama kunavyoweza kuonyeshwa kwa mkono. Anaongeza kwamba mazoezi bila ujuzi yanafaa kuliko ujuzi bila mazoezi. Na huyo alikuwa akiandika kitabu.

Miongoni mwa wa kwanza kuvifufua vitabu hivi walikuwa Waingereza wa mwishoni mwa karne ya 19. Egerton Castle alichapisha historia ya shule na waalimu wa upanga mwaka 1885, na rafiki yake Kapteni Alfred Hutton akaenda mbali zaidi, akawa anaonyesha mbele ya watu mbinu alizozisoma kwa waandishi wa kale. Kazi yao haikupata warithi. Ufufuo mkubwa ulianza miaka ya 1990, maktaba na wapenzi wa sanaa hizi walipoanza kusambaza picha za miswada kwa wingi, na leo vikundi vya watu wanaofanya mazoezi ya upanga wa kale viko katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika.

Jinsi wanavyofanya kazi ndiyo inayonivutia. Wanaanza na maandishi, mara nyingi ya Kijerumani au Kiitalia cha zamani ambacho hata Mjerumani na Mwitalia wa leo hawakielewi vizuri. Wanakubaliana juu ya maana ya sentensi. Wawili wanasimama, mmoja anasoma kwa sauti, na wanajaribu polepole. Wakiridhika, wanavaa vinyago vya waya, makoti mazito na glavu za plastiki ngumu, wanachukua panga za chuma zisizo na makali, na wanapimana kwa kasi ya kweli na mtu ambaye hana nia ya kushirikiana. Tafsiri nyingi nzuri hufia hapo. Harakati iliyopendeza polepole inakatwa katikati na pigo la kawaida kabisa, na wahusika wanarudi mezani kusoma sentensi upya. Wakati mwingine wanagundua kwamba neno moja walilisoma kama “mguu wa kulia” lilikuwa linamhusu mpinzani.

Hata hivyo hawajakubaliana juu ya yote. Kitabu cha kale kuliko vyote vya namna hii vinavyojulikana, mswada kutoka Ujerumani wa mwanzoni mwa karne ya 14 ambao sasa uko Royal Armouries, Leeds, unaonyesha kasisi akimfundisha mwanafunzi wake upanga na ngao ndogo ya mkononi, na mwishoni anatokea mwanamke aitwaye Walpurgis akipambana na kasisi huyo. Mchoraji hakuchora ardhi. Miguu ya watu inaelea, na kwa kuwa uchoraji wa wakati ule haukuonyesha umbali kama tulivyozoea, huwezi kusema kwa hakika nani yuko karibu na nani kwa hatua ngapi. Katika kupigana, nusu hatua ni tofauti ya kugusa na kukosa. Watu wenye akili na bidii wamekaa na kurasa hizo miaka mingi, wakatoka na majibu mbalimbali juu ya masafa.

Huko Mashariki ya Mbali, Korea ilikutana na tatizo hilohilo kwa ukubwa wa dola. Wajapani walipoivamia mwaka 1592, Wakorea walihitaji haraka mbinu za kupigana kwa mkono. Jemadari wa China Qi Jiguang alikuwa ameandika kitabu kiitwacho Jixiao Xinshu mnamo 1560, kutokana na vita vyake dhidi ya maharamia wa pwani, na kitabu hicho kikafika Korea. Wasomi wake walikijua Kichina sana, ndicho walichoandikia. Lakini kusoma kuhusu mkuki na kuutumia mkuki ni mambo mawili, na ofisa mmoja, Han Gyo, akapewa kazi ya kuwaendea maofisa wa jeshi la China waliokuwepo nchini kuwauliza maana ya harakati zilizomo. Kazi yake ikazaa kitabu cha Kikorea cha mwaka 1598, na kutoka hapo, baada ya kuongezwa zaidi ya mara moja, kikaja Muye Dobo Tongji cha mwaka 1790, kilichoamriwa na mfalme Jeongjo, chenye sanaa 24 na michoro inayofuatisha zoezi zima hatua kwa hatua. Serikali nzima yenye wasomi, wachoraji na hazina iliona haiwezi kutegemea ukurasa. Ilimtuma mtu akaulize.

Narudi kwa yule kijana wa wilayani, na yule binti. Mnaweza kuanza bila mwalimu, na yapo mengi ya kufanya. Tafuteni kitabu kimoja, cha mtu aliyefundisha wanaoanza, chenye picha za mfululizo na alama za miguu. Kwa karate, vitabu vya Masatoshi Nakayama, Dynamic Karate cha mwaka 1966 na mfululizo wake wa Best Karate, vimefanya kazi hiyo vizuri kuliko vingi. Msiruke kutoka kitabu hadi kitabu, mtindo hadi mtindo. Miezi ya kwanza iwe ya kusimama na kutembea: upana wa mkao, magoti, nyonga, namna ya kugeuka bila kupoteza mizani. Hayo ukurasa unayafundisha, na simu inasaidia. Jipigeni video kwa upande na kwa mbele, mlinganishe na picha ya kitabu. Macho yenu yatakuwa makali kuliko mnavyodhani.

Yapo mawili ambayo siyaruhusu. La kwanza ni kujifunza kuanguka kwenye saruji. Judo na aikido zina namna zake za kuanguka, na ukizikosea bila mkeka kinachopasuka ni kiwiko au kisogo. Tafuta mchanga wa ufukweni au magodoro, anza kutoka kuchuchumaa, na usiendelee juu mpaka ngazi ya chini iwe nyepesi. La pili ni kurusha ngumi na mateke hewani kwa nguvu zote huku kiungo kikinyooka mpaka mwisho. Mbele ya mtu au mfuko, shabaha ndiyo inayopokea nguvu. Hewani inapokewa na kiwiko na goti lako mwenyewe, na madhara yake hayaonekani mwezi huu wala ujao.

Baada ya hapo, mtafute mtu wa pili. Simaanishi mwalimu. Namaanisha dada, binamu, jirani, mwanafunzi mwenzako, yeyote mwenye subira atakayesoma ukurasa uleule pamoja nawe. Binti ambaye hawezi kwenda dojo anaweza kuwa na dada yake uani. Kubalianeni kasi ndogo, na kila mmoja awe na haki ya kusema basi. Kwanza mwenzako akusaidie, halafu asikusaidie, halafu akuzuie. Mkipata watatu ni bora zaidi, kwa sababu mkizoeana wawili mnajifunza udhaifu wa mtu mmoja tu na kuudhania kuwa ni ufundi. Nakubali kwamba mtakachojenga hakitakuwa karate kamili ya mtindo wa Shotokan wala Goju-ryu. Lakini kitakuwa kitu ambacho kimepimwa, na siku mkipata nafasi ya kuingia dojo, mwalimu atawakuta mnajua kusimama, mnajua umbali, na hamshtuki mkono ukija usoni. Kusahihisha mwili kama huo ni kazi ya miezi. Aliyefanya mazoezi peke yake mbele ya kioo miaka mitano huja na harakati nzuri na mazoea ambayo hayajawahi kukataliwa na mtu yeyote, na kuyang'oa ni kazi nzito.

Haya yote yananirudisha pwani. Lamu, siku za Maulidi na katika sherehe nyingine, wanaume huingia uwanjani wawili wawili wakiwa na fimbo, ngoma na zumari zikipigwa, wakacheza kirumbizi. Kwa mtazamaji ni ngoma, na ni ngoma kweli, lakini ndani yake mna mapigo, vizuizi, masafa na wakati. Hakuna anayejifunza kwa kusoma. Mtoto anasimama pembeni akitazama, anaokota kijiti na mwenzake, wakubwa wanamrekebisha, na siku moja anaingia. Huo ndio mnyororo ambao Wajerumani na Waitalia waliupoteza, na kwetu bado upo, wenye wajuzi walio hai.

Natamani mtu akae chini na kuuandika mchezo huu sasa, wakati wajuzi hao wapo wa kumkemea akikosea. Aandike yale ambayo Fiore na wenzake waliyaacha: uzito umekaa mguu gani, vidole vinaishikaje fimbo na kwa ulegevu gani, pigo linaanzia kwenye mdundo upi wa ngoma, mpinzani alikuwa amefanya nini kabla yake, na fimbo zikigusana mchezaji anasikia nini kinachomwambia aingie au atoke. Awapige picha wote wawili, anayepiga na anayepigiwa, kutoka pembe zaidi ya moja, na ardhi ionekane. Halafu awape kitabu hicho vijana wawili wa Dodoma au Kisumu ambao hawajawahi kuiona kirumbizi, awaache uwanjani na fimbo mbili, akae awatazame wakikisoma. Kila watakapokosea, aweke alama pembeni mwa ukurasa, arudi nayo Lamu kuuliza.